Jimu ina giza, nje kuna theluji: nimpigeje picha binti yangu?

Swali la msomaji: "Salamu, mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto wanne, natokea Uvira, Kongo, sasa tunaishi Portland, jimbo la Maine, Marekani. Binti yangu mkubwa anacheza kikapu kwenye timu ya sekondari. Nilinunua kamera iliyotumika pamoja na lenzi yake ya 18-55. Picha za jimu zinatoka zimetikisika, rangi ya manjano, na nyuso za watoto wetu hazionekani, ni macho na meno tu. Picha za nje kwenye theluji zinatoka kijivu. Sasa kanisani wamejua nina kamera, wananiomba nipige kwaya ya Krismasi na siku ya watoto kuteleza kwenye theluji. Je, ninunue kamera nyingine? Na hii baridi haitaiharibu?"

Jibu: Mama, salamu kutoka Lewiston, jirani yako. Nimesoma barua yako mara mbili kwa sababu ya yale maneno "macho na meno tu". Nimewaona wazazi wengi wakirudi nyumbani na picha za namna hiyo, wakidhani kosa ni lao au la ngozi ya mtoto. Hakuna mwenye kosa hapo. Kamera hupima mwanga wote ulio mbele yake, kisha hujaribu kuufanya uwe wa wastani, kijivu cha katikati. Haijui kwamba katika ukumbi ule wote wewe umefuata uso mmoja. Karibu kila nitakachokueleza ni namna ya kuiambia hivyo.

Kamera usinunue. Uliyo nayo inatosha. Kinachokuangusha ni lenzi.

Tazama pete ya mbele ya hiyo lenzi yako, utakuta imeandikwa 1:3.5-5.6. Maana yake ni kwamba ukiivuta hadi 55, tundu lake la kuingizia mwanga haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6, na kwenye namba hizi za f, ndogo ndiyo tundu kubwa. Sasa iko lenzi ndogo, nyepesi, isiyovuta, iitwayo 50mm f/1.8. Kampuni kubwa za kamera kama Canon, Nikon na Sony zinayo, na iliyotumika hupatikana kwa kama dola 100. Tundu lake likifunguka lote, huingiza mwanga karibu mara 10 kuliko hiyo yako ikiwa imevutwa mwisho. Ndani ya jimu, mara 10 ndiyo tofauti ya picha iliyotulia na iliyotikisika. Kabla ya kulipa, hakikisha lenzi inaingia kwenye aina ya kamera yako. Ikiwa ni Nikon ya familia ya D3000 au D5000, tafuta yenye herufi AF-S, kwa sababu kamera hizo hazina mota ya kuendesha fokasi ya lenzi za zamani.

Lenzi hiyo haitakufikisha upande wa pili wa uwanja. Usihangaike. Upande wa pili uache, piga wanaokujia. Ukija kuwa na fedha baadaye, ya 85mm f/1.8 ndiyo inayofuata. Zile lenzi nyeupe kubwa unazoziona kwa waandishi wa habari, za 70-200 f/2.8, bei yake ni ya gari kuukuu, na kwa miaka yangu mitano ya kwanza hapa niliishi vizuri bila hiyo.

Ukishaipata lenzi, zungusha kitufe cha juu hadi M, yaani wewe mwenyewe ndiye unayepanga kila kitu. Najua M inatisha, lakini mwanga wa jimu haubadiliki tangu mechi inaanza hadi inakwisha, kwa hiyo ukishapanga mara moja umemaliza. Kinachobadilika ni jezi. Timu moja imevaa nyeupe, nyingine rangi nzito, na kamera ikiachwa ijiamulie itapunguza mwanga kila jezi nyeupe inapopita, na uso utazama gizani. Anza na kasi ya shata 1/640, yaani sehemu ya sekunde ambayo kamera inafunguka, tundu f/2, na ISO 3200, ISO ikiwa ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Jimu za zamani zina giza zaidi, utapanda hadi ISO 6400. Picha itakuwa na chengachenga kama televisheni ya zamani isiyoshika stesheni. Zikubali. Chengachenga zinapunguzika baadaye kwenye kompyuta. Programu kama Lightroom imekuwa na kifaa cha akili bandia cha kuzisafisha tangu 2023, na kinafanya kazi ya kweli. Picha iliyotikisika hakuna programu itakayoirudisha. Kwa hiyo kati ya viwili hivyo, daima pandisha ISO, kasi usiiguse. Chini ya 1/500 mikono ya mchezaji inayeyuka.

Namna ya kujua kama umepatia mwanga: fika wakati wa kupasha misuli moto. Mpige binti yako au mwenzake mwenye ngozi kama yake, kisha ikuze picha kwenye kioo cha kamera hadi uone shavu na paji la uso. Uone ngozi, uone jasho, uone mstari wa taya. Ikiwa huoni, pandisha ISO hatua moja, piga tena. Ukuta wa nyuma uking'aa kupita kiasi, mabango yakififia, achana navyo. Hukuja kupiga ukuta.

Hapa niseme jambo ambalo wapiga picha wengi wa huku hawatakueleza kwa sababu halijawahi kuwakuta. Kwa miongo mingi, maabara za picha za Marekani zilipanga rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha "sawa". Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Kamera za leo zimeendelea sana, na nyingi zinashika fokasi kwenye uso wa mtu mweusi bila tabu iwapo mwanga upo. Lakini mwanga ukiwa haba, tabia ya zamani inarudi kwa njia nyingine: mpiga picha anatazama kioo, anaona uwanja unang'aa vizuri, anaridhika, na watoto weusi wote wametoka kivuli. Nimekuta albamu za shule zilizo hivyo, timu nzima inaonekana isipokuwa wanne. Wewe hutafanya hivyo kwa sababu macho yako yanajua uso wa mwanao unavyopaswa kuonekana. Huo ni ujuzi, mama, na wengi wenye kamera za bei mbaya hawanao.

Kuhusu manjano. Taa za jimu nyingi, hasa za zamani, hazitulii. Umeme wa Marekani ni wa hezi 60, na taa hizo huwaka na kufifia mara 120 kwa sekunde, kasi ambayo jicho haliioni. Kwa 1/640 kamera inanasa kipande kidogo tu cha mzunguko huo, ndiyo maana katika picha tatu za kufuatana moja ni ya manjano, ya pili kijani, ya tatu ina giza. Umeme wa Uvira na Bujumbura ni wa hezi 50, kwa hiyo huko ni mara 100, tatizo ni lile lile. Kamera nyingi za miaka ya karibuni zina chaguo la kupambana na mpepeso wa taa ndani ya menyu, likiwapo, liwashe. Kama kamera yako haina, piga picha tatu au nne kwa mkupuo na uchague iliyo nzuri. Kama ina shata ya kimya, izime, maana chini ya taa hizo huleta mistari. Na panga ihifadhi kwa mfumo ulioandikwa RAW, kwa sababu rangi ya RAW hurekebishika nyumbani bila kuharibu ngozi. Jimu zilizobadilishiwa taa kuwa LED nzuri huwa hazina shida hii kabisa, na utashangaa picha zinavyokuwa rahisi siku timu inapocheza ugenini kwenye jimu kama hiyo.

Fokasi iweke kwenye ile inayofuata mtu anayekwenda: kwenye Nikon na Sony imeandikwa AF-C, kwenye Canon ni AI Servo au Servo. Chagua nukta moja ya katikati, iweke kifuani mwa mchezaji, kwenye namba ya jezi, umfuate nayo.

Sasa mahali pa kukaa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mahali ndipo picha nyingi zinapopatikana au kupotea.

Kutoka jukwaani, picha zako zote zitakuwa za vichwa na migongo. Unahitaji kushuka chini, kukaa sakafuni nyuma ya mstari wa mwisho, pembeni ya goli, karibu na kona. Hapo wachezaji wanakuja wakikutazama, na ukiwa chini wanaonekana warefu, wanaruka kweli. Kamera ishike wima, kwa kuwa mchezaji anayeruka ni mrefu kuliko alivyo mpana. Lakini hapo haukai bila kuomba. Kila shule ina mkurugenzi wa michezo. Mwandikie barua pepe siku mbili tatu kabla, ujitambulishe kuwa ni mzazi wa mchezaji, umwombe sehemu ya kukaa, na umhakikishie hutatumia flashi. Mara nyingi watakubali, hasa ukiahidi kuwapa timu nakala za picha. Ukishakaa, acha njia kwa waamuzi, wanapita hapo kila dakika. Begi lisilale sakafuni mbele yako. Na mchezaji akikujia kwa kasi, usiendelee kupiga. Vuta miguu, inama, linda uso. Nimeona mtoto akivunjika kifundo kwa kukanyaga mkoba wa mpiga picha, na sijalisahau hilo.

Chagua upande ambao timu ya binti yako inashambulia. Mapumziko ya katikati yakipita wanabadilishana magoli, nawe uhame. Mechi za sekondari ni robo nne za dakika 8, kwa hiyo kila upande unapata dakika 16 za mchezo. Nakushauri robo ya kwanza ya mechi ya kwanza usipige kabisa. Tazama tu. Jua nani hupenda kuingia kwa mkono wa kushoto, nani huomba mpira kwenye kona, binti yako hufanya nini sekunde moja kabla ya kuruka. Ukingoja uone tukio ndipo ubonyeze, umechelewa. Kidole kinatakiwa kiende pamoja na goti lake linapokunjwa.

Na usiondoe kamera usoni mpira ukishaingia. Picha nyingi ninazozipenda zimekuja sekunde mbili baada ya goli: mtoto anageuka kumtafuta mama yake jukwaani, mwenzake anamkumbatia, kocha ameshika kichwa. Geuka pia utazame benchi. Wale wasioingia uwanjani wana wazazi, na wazazi hao hawana picha.

Ikiwa timu yenu itacheza kwenye ukumbi wa Expo pale Park Avenue, utakuwa mahali penye historia mbili. Jengo lile lilijengwa 1914 na linabeba mechi za kikapu za vijana wa Portland kila msimu. Kiangazi cha 2019 sakafu ile ile ilitandikwa vitanda vya kukunjwa, ikahifadhi mamia ya watu waliofika kuomba hifadhi, wengi wao kutoka Kongo na Angola. Sijui wewe ulifika lini, mama, na sikuulizi. Lakini naamini wako watoto watakaokimbia kwenye mbao zile ambao waliwahi kulala juu yake. Ukimpata mmoja wao, na familia yake ikiridhia, mpige akiwa amesimama katikati ya uwanja kabla watu hawajaingia, na upige kwa mapana, paa lote lionekane.

Michezo mingine ya majira haya nitaigusa kwa haraka, maana watoto wako watatu wanafuata na sijui watachagua nini. Mieleka piga ukiwa umepiga goti pembeni ya mkeka, usawa wa macho yao, na subiri nyuso zigeuke upande wako. Hoki ya barafu ni ngumu kwa kuwa nyuso zimefunikwa na wavu wa chuma. Gusisha lenzi kwenye kioo cha uzio mahali palipo safi, iwe imenyooka, isiinamishwe, la sivyo utapiga mng'ao wa taa. Kuogelea hakuna flashi kabisa wakati wa kuanza, kwa sababu kifaa cha kuanzishia mbio hutoa mwako wa taa pamoja na mlio, na mwako wa kamera yako unaweza kumdanganya muogeleaji au mshika saa. Tena bwawani fika nusu saa kabla. Ukitoka kwenye baridi na kuingia kwenye ule unyevu, lenzi itapata ukungu papo hapo, na kitambaa hakisaidii. Lazima ipate joto yenyewe.

Hilo la ukungu linanifikisha kwenye swali lako la baridi, ambalo ni la msingi kuliko ulivyodhani.

Baridi yenyewe haiui kamera. Vitabu vya maelekezo vya kamera nyingi vinataja nyuzi 0 hadi 40 za Selsiasi, nami nimepiga picha nyuzi 20 chini ya sifuri na kamera ikafanya kazi. Kinachochoka ni betri. Betri iliyokupeleka mechi nzima ndani ya jimu inaweza kuisha nje kabla hujamaliza nusu ya kazi. Kuwa na mbili, moja kwenye kamera na nyingine mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili. Ya kamera ikilegea, zibadilishe, ile iliyochoka iingie kifuani. Ikipata joto itarudisha nguvu kidogo. Simu nayo iweke ndani, maana huzimika ghafla.

Kinachoharibu kamera ni kurudi nyumbani. Kumbuka chupa ya soda ikitolewa kwenye friji kule Uvira mchana wa jua, inavyolowa nje kwa dakika moja. Hewa ya joto imebeba maji, ikigusa kitu cha baridi inayaachia. Kamera iliyotoka kwenye theluji na kuingia sebuleni penye moto ni ile chupa, ila hii inalowa hadi ndani, kwenye vioo na nyaya. Majira yangu ya kwanza ya baridi hapa Maine nilirudi kutoka kwenye ziwa lililoganda, nikaiweka kamera juu ya meza karibu na mashine ya joto, nikidhani naisaidia. Asubuhi kulikuwa na ukungu nyuma ya kioo cha mbele. Baada ya miezi michache kuvu ikaota humo kama nyuzi za buibui, na lenzi ile sikuitumia tena.

Dawa yake ni mfuko wa plastiki wa kufunga kwa zipu, ule mkubwa wa kuhifadhia nyama. Ukiwa bado nje, toa kadi ya picha na betri, viweke mfukoni mwako. Kamera itie ndani ya plastiki, toa hewa, funga, kisha ingia nyumbani. Iache ndani ya mfuko huo saa moja hadi mbili, usifungue hata ukiitwa. Maji yatajikusanya juu ya plastiki, kamera itabaki kavu. Picha utakuwa unazitazama kwa kadi uliyoitoa mapema.

Theluji ikidondoka juu ya lenzi, usiipulize kwa mdomo. Pumzi ina unyevu na itaganda hapo hapo. Tumia brashi laini. Na vaa glovu nyembamba ndani ya zile nene, ili ukivua za nje vidole visiguse chuma kitupu.

Sasa theluji na kijivu. Ni lile jambo la mwanzo, kamera kutaka kila kitu kiwe cha wastani. Inaona weupe mtupu, inadhani mwanga umezidi, inaukata. Theluji inakuwa jivu na uso wa mtoto unakuwa mkaa. Kwenye kamera yako kuna kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Ukiwa nje, toka kwenye M, zungusha kitufe cha juu hadi S (kwenye Canon ni Tv), ambapo wewe unapanga kasi na kamera inapanga mengine, kisha weka +1 jua likiwa limefifia, na hadi +2 theluji ikiwa imejaa picha nzima. Kwa watoto wetu naanza na +1.7, natazama shavu, napandisha au nashusha. Kama theluji nyuma ya mtoto imepoteza alama zake kidogo na uso umetoka vizuri, hiyo ni biashara ya haki.

Na theluji ina zawadi ambayo jimu haina. Hurudisha mwanga kutoka chini. Mweke mtoto jua likiwa nyuma yake, theluji ya mbele itamulika uso wake taratibu, chini ya kidevu, chini ya kofia, ndani ya macho. Wapiga picha wa harusi hununua vitambaa vyeupe kupata mwanga huo. Hapa umetandikwa uwanja mzima, na kwa ngozi nyeusi sijaona mwanga mzuri zaidi ya huo.

Siku ya watoto kuteleza, usisimame juu ya kilima na wazazi wengine. Shuka hadi theluthi ya chini, simama pembeni ya njia, piga goti. Wanakuja wakipiga kelele, wametoa macho, kofia zimeruka. Kasi iwe 1/1000. Jua lipo, huhitaji ISO kubwa. Waombe akina mama wawavalishe watoto makoti ya rangi, nyekundu au manjano. Koti jeusi au la kijivu halina uhai pichani. Wapige pia wakiwa wanapanda tena wakiburuta vigari vyao vya plastiki. Nyuso za kupanda zina uchovu na furaha kwa pamoja, na mtoto anatembea, hakuponyoki.

Panga saa pia. Kwetu jua linazama kama saa 12 jioni mwaka mzima, na giza linafuata upesi. Portland, katikati ya Desemba, jua linazama saa 10 na dakika chache, na hata saa 6 mchana halipandi zaidi ya nyuzi 23 juu ya upeo. Vivuli ni virefu siku nzima, mwanga ni wa dhahabu mapema. Waambie kanisani siku ya theluji ianze saa 5 asubuhi, si saa 8 mchana, la sivyo mtakuwa mnamaliza mkikimbizana na giza. Lakini jioni ya huku nayo ina uzuri wake, kwani haikatiki ghafla kama ya Ikweta. Baada ya jua kuzama anga hubaki buluu kwa nusu saa nzima. Ule mti wa Krismasi wa Monument Square, siku ya kuuwasha kwenyewe anga huwa nyeusi tayari. Piga watu siku hiyo, kisha rudi jioni nyingine saa 10 na nusu uupige mti wenyewe ukiwa na anga ya buluu nyuma yake.

Wakikualika kwenye mashindano ya kuvua samaki juu ya barafu ya ziwa, nenda na wenyeji, tembea wanapotembea wao, na uliza unene kabla hujakanyaga. Kipimo kinachotajwa kwa mtu wa miguu ni inchi 4 za barafu safi na imara. Kaa karibu na watoto wanaolinda vibendera vya mitego. Kibendera kikipanda wote wanakurupuka, na hiyo ndiyo picha.

Kwaya. Kanisa nyingi za jamii zetu zinakutana kwenye kumbi za chini zenye dari jeupe na fupi. Hapo flashi ya kuchomeka juu ya kamera ni neema, mradi usiielekeze usoni kwa mtu. Igeuze itazame dari, nyuma kidogo, mwanga utashuka juu ya wote kama wa mchana. Dari la mbao usilitumie hivyo, litawapaka wote rangi ya chungwa. Ile flashi ndogo inayofunuka yenyewe kwenye kamera yako izime kabisa. Ndiyo inayotoa paji la uso linalong'aa na macho mekundu. Wakati wa sala, hakuna flashi ya aina yoyote. Bila flashi, kasi ya 1/125 inatosha kwa watu waliosimama, na inakaribia mzunguko mmoja mzima wa zile taa, kwa hiyo rangi zitatulia.

Waimbaji wana jambo lao: mdomo. Ukipiga ovyo utapata midomo iliyobanwa kwenye "m" na "u". Wewe nyimbo unazijua, hiyo ni faida kubwa. Ngoja "a" ndefu ya mwisho wa mstari, pale "Haleluya" inapoachiwa. Kitenge cha sare kitajaza rangi chenyewe. Piga safu nzima mara mbili, kisha ziache safu, tafuta nyuso: bibi aliyefumba macho, kijana wa kinanda, mtoto anayeigiza mwongozaji.

Neno moja la tahadhari, nalisema kwa uzito. Katika jumuiya zetu wapo waliokimbia watu ambao bado wanawatafuta. Kabla hujaweka picha ya mtoto yeyote mtandaoni, muulize mzazi wake, kwa lugha anayoielewa, na "hapana" yake usiidadisi. Hata palipo na ruhusa, usiandike jina kamili la mtoto pamoja na shule yake. Picha za familia zitume kwa familia. Na zichapishe chache. Picha ya karatasi inasafiri hadi kwa shangazi Uvira hata mahali ambapo intaneti haifiki.

Kwa kuanza, usianze na mechi kubwa. Shule nyingi hutanguliza mechi ya timu ndogo kabla ya ile kubwa, jioni hiyo hiyo. Jimu haijajaa, waamuzi hawana haraka, na hakuna atakayekuondoa kwenye kona yako. Piga nne au tano za hizo mwezi huu na ujao. Mwezi wa Februari, wiki ya likizo, timu zikifuzu zitakwenda kwenye mashindano ya jimbo kwenye viwanja vikubwa vya Portland, Bangor na Augusta. Kule sakafuni hukaa waandishi wa habari, wazazi tuko majukwaani, lakini taa ni nzuri mno. Binti yako akifika huko, nijulishe mapema. Lenzi yangu ya 85 nitakuazima. Hakikisha tu kamera yako ni Canon kama yangu.